Dereva Asiye na Utingo

Kabla sijawa dereva niliwahi kuwa utingo. Kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya shehena, kuvuta turubai, kufunga kamba, kulala uvunguni mwa tela na kuamshwa usiku tairi likipasuka. Dereva alishika usukani, mimi nilishika kila kitu kilichobaki. Kwa hiyo nilipopata leseni ya magari makubwa hapa Marekani, na kampuni moja kubwa ya tela wazi, zile ambazo wenyewe huziita flatibedi, ikanikubali, niliwapigia ndugu zangu simu kuwaambia kwamba hatimaye nimepanda cheo. Haya ni ya kwenye daftari langu la siku hizo.

Siku ya 1. Birmingham, Alabama

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa watu kumi na wanane kwenye foleni ya msalani, kila mmoja na kikombe chake. Kipimo cha dawa za kulevya ni sheria ya serikali kuu. Majibu yasiporudi safi hushiki usukani. Baada ya hapo, karatasi: leseni, cheti cha daktari, historia ya kazi, sahihi hapa, sahihi pale, mpaka jina langu mwenyewe likaanza kuonekana la ajabu.

Mchana wakatupeleka kwenye ghala. Panda na ushuke kwenye bapa la tela mara kadhaa (bapa liko karibu futi 5 kutoka ardhini), inua kreti mpaka usawa wa bega, buruta turubai lililokunjwa. Walikuwa wanapima magoti na mgongo. Jamaa mmoja mwenye miaka kumi na tano ya kuendesha tela za boksi aliangalia lile turubai, akaangalia mlango, akaenda kuchukua begi lake. Boksi ukifunga milango umemaliza. Sikumlaumu, ingawa wakati ule nilimcheka kimoyomoyo. Turubai ndiyo kazi niliyokulia, nikajiambia.

Sheria pia inataka dereva ajue Kiingereza cha kutosha kuongea na watu, kusoma vibao vya barabarani, kumjibu ofisa na kuandika ripoti zake. Mtu wa ofisi alinihoji kwa dakika tano hivi. Lafudhi yangu ilimfanya akunje uso mara mbili, lakini neno «mnyororo» nililisema vizuri, na nadhani ndilo lililoniokoa.

Siku ya 2

Hesabu kutwa nzima.

Mwalimu, mama mwenye viganja vya seremala, alitupa mkanda wa inchi 4 mezani akauliza unabeba kiasi gani. Majibu yakaruka: tani tano, tani kumi. Akageuza kile kibandiko kilichoshonwa mwishoni. Pauni 5,400, pauni moja ikiwa kama nusu kilo. Akasema mkanda haukatiki kwa uzito huo, ila hapo ndipo sheria inapokuruhusu kuhesabu. Mnyororo wa daraja la 70, unene wa 3/8 ya inchi, ni pauni 6,600.

Kanuni yenyewe mtoto wa shule anaiweza. Jumla ya viwango vya vifungio vyako isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Akatupa mfano: chuma cha pauni 44,000, umekifunga kwa mikanda minne. Nusu ni 22,000. Mikanda minne ni 21,600. Umepungukiwa na 400. Ofisa akikukuta hivyo hutoki hapo mpaka ufunge wa tano, hata kama mzigo wenyewe umetulia kama mlima.

Halafu kuna hesabu ya urefu, inayosimama peke yake. Kitu kirefu kuliko futi 10 kisichozuiwa mbele kinataka vifungio viwili kwa futi 10 za kwanza, kisha kimoja kwa kila futi 10 zinazofuata au sehemu yake. Bomba la futi 20 ni vitatu, liwe zito au jepesi. Unafanya hesabu zote mbili na kuchukua kubwa.

Nikanyoosha mkono: kibandiko kikiwa kimechanika je? Mama akanitazama kama aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi. Mkanda wa inchi 4 usiosomeka unahesabiwa pauni 1,000 kwa kila inchi ya upana, yaani 4,000. Mkanda ni uleule, nguvu ni ileile, lakini kitambaa kidogo kimekatika na wewe umepoteza pauni 1,400.

Nilikaa nikiliwaza hilo hadi usiku. Nilikotoka tulikaza kamba mpaka ukiigonga inalia kama zeze, na dereva akisikia mlio anawasha gari. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza kamba ile inabeba nini. Tulikuwa na masikio tu. Na mizigo ilifika, mingi yake. Ile ambayo haikufika tuliita ajali.

Akamalizia na kitu nilichokiandika kwa herufi kubwa: ufungaji uhimili nguvu ya kwenda mbele ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa nyuma na kwa pembeni. Mbele ndiko kubwa kwa sababu ya breki, na mbele ndiko unakokaa wewe.

Siku ya 3

Turubai yadini. Turubai la kufunikia mbao lina bawa la futi 8 la kufunika ubavu, na moja linakaribia pauni 100. Unabeba mawili au zaidi. Yale ya chuma ni mafupi na mepesi kidogo, kwa kuwa chuma hakirundikwi juu sana.

Nilipangwa na Mkongo mmoja wa Kivu. Tuliposikilizana Kiswahili tukakumbatiana kama watu waliopotezana sokoni. Akanyanyua pembe ya turubai akasema, «Ndugu yangu, hii kitu iko muzito kupita bibi yangu.» Nikashtuka, nikamwambia ni dhambi kumsema hivyo mama mzee. Ilichukua muda kuelewana kwamba bibi yake ni mkewe, wakati mimi bibi yangu ni mama wa mama. Mkewe, kwa maelezo yake, ana nguvu za kutosha kuvaana na turubai.

Upepo ulituonyesha ujuaji wangu una mipaka. Nilifungulia turubai upande usio wake, likajaa hewa na kunivuta hatua tatu ukingoni mwa shehena. Mwalimu akapiga filimbi. Akasema uanzie upepo unakotoka, ili upepo ulilaze turubai badala ya kulinyanyua, na ukiona linakwenda, liachie. «Turubai tunalo jingine.» Nilishuka. Katika kazi hii watu wengi huumia tela likiwa limesimama, kwa kuanguka kutoka juu ya mzigo. Wengi wao, nadhani, walikuwa wanalijua turubai kama mimi.

Siku ya 4

Mtihani wa barabarani, nikapita. Kurudi nyuma kwa kukunja, nikapita baada ya kuangusha koni moja. Ekseli mbili za nyuma za tela hizi zimeachanishwa kama futi 10, ambapo kila moja inaruhusiwa pauni 20,000, jumla 40,000. Zikikaribiana kama za tela la kawaida ni 34,000 kwa jozi. Faida unaiona kwenye mizani. Hasara unaisikia ukikata kona kali: matairi yanaburuzwa kwenye lami yakipiga kelele kama mbuzi anayepelekwa machinjioni.

Siku ya 5

Nimekabidhiwa kwa mkufunzi. Ni mzee wa Alabama, mwembamba, anaongea kana kwamba maneno yanalipiwa. Humu nitamwita Mzee. Kwa umri wake kwetu ningemwamkia shikamoo kabla ya kupanda gari lake.

Mzigo wa kwanza: mabomba ya chuma, hapa hapa Birmingham, kwenda Louisville, Kentucky. Mji huu umetengeneza chuma na mabomba kwa zaidi ya miaka mia, na ukipita nyuma ya viwanda unaona yamepangwa yadini kama kuni za jitu. Foklifti ikaweka mafungu, mbao za kulalia katikati, kabari pembeni.

Mzee alisimama upande wa pili wa tela. Mkanda unausokota uwe duara, unapiga kelele kumtahadharisha aliye ng'ambo, kisha unaurusha ujifungue hewani. Ncha ina ndoano ya chuma. Yeye anaidaka, anaipachika kwenye reli, anapiga bapa mara mbili kwa kiganja: tayari. Nami nakaza upande wangu kwa winchi. Kurusha, kofi mbili, kukaza. Nilifurahi. Ile ni lugha ninayoijua.

Kwenye mkanda wa sita nilijiamini. Winchi hukazwa kwa mtaimbo, fimbo ya chuma ya kama futi 3 unayoichomeka tunduni na kuivuta chini. Sikuichomeka mpaka mwisho. Ikachomoka, ikapita mbele ya kidevu changu kwa upana wa vidole viwili na kulia kwenye ukingo wa tela. Mzee akazunguka taratibu. Akafungua mdomo wake, akavuta mdomo wa chini kwa kidole. Meno matatu ya mbele yalikuwa ya bandia.

«Winchi kama hiyo,» akasema. «Kentucky, mwaka wa kwanza.» Akarudi upande wake. Hilo ndilo somo lote la siku.

Siku ya 6. Barabara kuu ya I-65, kaskazini

Sheria inataka ukague mzigo kabla ya kuondoka, tena ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila maili 150 au saa 3 au unapobadili hali yako ya kazi, lolote litakalotangulia. Tulisimama karibu na Cullman. Mikanda miwili imelegea. Si kwamba tulikaza vibaya. Mabomba hutikisika yakatafuta pa kukaa, na yakishapata, mkanda unabaki na nafasi. Nikakaza, mtaimbo nimeuzamisha mpaka kwenye kifundo.

Kentucky tuliitwa ndani kwenye mizani. Ofisa kijana, mstaarabu. Unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeanza saa ngapi. Nilijibu yote. Akazunguka tela akivuta mkanda mmoja mmoja, akisoma vibandiko kwa tochi ingawa ni mchana. Akauliza nimefunga mikanda mingapi. Nikasema kumi. Akahesabu kumi. «Nenda salama.» Nilirudi garini mgongo wa shati umelowa. Mzee alikuwa akila karanga.

Jioni Louisville. Huko saa yao iko mbele ya Birmingham kwa saa moja, lakini logi ya kielektroniki, inayorekodi saa zako za kazi, inabaki na saa ya yadi unakotoka. Ukichanganya saa ya ukutani na saa ya logi, unafika kwenye miadi umechelewa huku unaapa umewahi. Na saa ndiyo roho ya kazi: kuendesha 11, ndani ya dirisha la saa 14 tangu uanze kazi, kisha kupumzika 10 mfululizo. Dirisha halisimami ukiwa unasubiri kupakiwa. Ukisubiri saa sita kiwandani, hizo sita zimekufa.

Siku ya 7

Tumeshusha asubuhi. Tela tupu mpaka Gary, Indiana, mahali I-65 inapoishia. Tela wazi tupu linadunda kama kitanda cha chuma kwenye toroli. Sikuweza hata kuandika.

Siku ya 8. Gary

Mji huu ulianzishwa mwaka 1906 na kampuni ya chuma ya U.S. Steel, ukapewa jina la mwenyekiti wake, Elbert Gary. Ziwa Michigan liko pale nyuma ya viwanda na hulioni. Unaona moshi, reli, na malori ya tela wazi mengi kuliko niliyowahi kuyaona pamoja. Saa hapa ni ya kati, kama Birmingham, ingawa sehemu kubwa ya Indiana iko saa moja mbele. Nimeacha kubishana na saa.

Leo ni koili. Nitaieleza kwa kirefu kwa sababu sikulala vizuri.

Koili ni bati refu la chuma lililosokotwa kama mkeka, lenye tundu katikati. Ya kwetu ilikuwa pauni 43,000, zaidi ya tani 19, kitu kimoja kisichofikia kimo changu. Mabomba yakilegea yana namna ya kukuambia: yanagongana, yanapiga kelele. Koili haikuambii. Ikiamua kuondoka inaondoka yote.

Kabla haijashuka unaiandalia kitanda. Mbao mbili nene zinalala kukatiza bapa, zimeshikwa na vishikizo vya chuma ili zisiachane, na koili inakaa kwenye bonde kati yake. Nilifikiria ngata, ile duara ya kitambaa mama anayoweka kichwani kabla ya mtungi: kazi ni hiyohiyo, kumzuia wa duara asitafute njia. Tofauti ni kwamba koili lazima isiguse bapa kabisa. Ikigusa, mbao hazishiki kitu, ni pambo. Mzee alilala kifudifudi kwenye bapa, koili bado inaning'inia kwenye kreni nusu inchi juu ya mbao, akachungulia chini yake kwa tochi. Mtu wa kreni akasubiri. Nikaona kwamba kila mtu pale ana haraka isipokuwa huyu mzee, na kwamba hawamharakishi.

Tundu lilielekea pembeni, yaani koili ikijiviringisha inakwenda mbele au nyuma. Madereva wana jina la mkao huu: wa kujiua. Kuna mkao mwingine, tundu likielekea mbele na nyuma, ambapo ikiviringika inaangukia pembeni, kwa magari ya watu wengine. Nilimuuliza Mzee kwa nini basi hatuchagui ule. Akasema aliyekubali kubeba ni yeye, si mama anayepita na watoto kwenye gari dogo. Akaongeza kwamba hata hivyo mara nyingi anayechagua ni mteja.

Minyororo sita inapita tunduni: mitatu inavuta mbele, mitatu inavuta nyuma. Kwa hesabu ya yule mama wa darasani, nusu ya 43,000 ni 21,500, na minyororo minne ingefika 26,400. Sita ni matakwa ya kampuni na ya Mzee. Pembe ya mnyororo na bapa isizidi nyuzi 45 inapowezekana, maana mnyororo uliosimama wima unaikandamiza koili chini tu. Haiizuii kwenda popote. Kwenye kingo za tundu unaweka vikinga ili mnyororo usikate bati. Mwisho turubai dogo la koili, juu mpaka chini, kwa kuwa bati likipata kutu mteja analikataa, na anayelipa si mvua.

Nilikaza vikazio vya racheti mpaka mabega yakawaka. Mzee akapita nyuma yangu akigonga kila mnyororo kwa mtaimbo, kichwa amekiinamisha. Anasikiliza! Nikasimama kumtazama. Kumbe naye ana masikio. Ila yeye anasikiliza baada ya kuhesabu.

Siku ya 9

Mvua tangu Indianapolis. Kukagua minyororo kila mara, glavu zimelowa. Tumelala Kentucky, karibu na Bowling Green. Mzee amezungumza sentensi nne.

Siku ya 10. Monteagle

Nashville, kisha I-24 kuelekea Chattanooga. Kabla ya kushuka kuna mlima ambao madereva wa pande hizi wanautaja kwa sauti ya chini, Monteagle. Mteremko wa upande wa Chattanooga una asilimia kati ya 4 na 6, maili kadhaa, na njia za dharura zilizojazwa kokoto kwa ajili ya waliokosa breki.

Mzee alisema nisimame juu kwanza. Tukashuka, tukapapasa breki, tukagonga minyororo. Kisha akanipa kanuni niliyoisoma kwenye kitabu cha leseni bila kuielewa. Gia ya chini kabla ya mteremko, si katikati yake. Breki ya injini ifanye kazi kubwa. Chagua kasi salama, tuseme maili 40 kwa saa. Ukifika 40, kanyaga breki mpaka 35, achia kabisa. Ukirudi 40, kanyaga tena. Usikanyage ukashikilia, maana breki za upepo zikipata moto mfululizo zinaishiwa nguvu, na hapo unachungulia ile njia ya kokoto.

Nikashuka. Arobaini, thelathini na tano, achia. Malori mengine yalinipita yakinguruma. Kwenye kona moja nilinusa breki zikiungua, moyo ukanipiga; zilikuwa za jamaa wa mbele. Nyuma ya kiti changu, futi chache tu, pauni 43,000 zilikuwa zimetazama kisogo changu njia nzima. Nilijikuta nazikumbuka mbao zile mbili, na Mzee amelala kifudifudi na tochi.

Chini kabisa aliniuliza kama nimewahi kushuka mlima na mzigo. Nikasema mara nyingi, lakini nilikuwa utingo, nilikuwa nimelala juu ya turubai. Akacheka. Mara ya kwanza tangu tuonane.

Siku ya 11 hadi 30

Nondo, mbao za jasi, mashine za shambani, nondo tena. Nimejifunza kukunja turubai kwenye upepo peke yangu, nusu kwa mbinu na nusu kwa kulilalia. Nimejifunza kwamba jasho la mtu linamaliza jozi moja ya glavu kwa wiki. Dispacha anayetupangia mizigo ni sauti nzuri ya kike inayotoa habari mbaya. Siku ya 26 nilimkasirisha Mzee kwa kuacha mkia wa mkanda ukipepea maili 60. Ulisuguliwa na upepo mpaka ukaanza kuchanika, na mkanda ukawa wa kutupa. Hakusema kitu. Aliuweka kwenye kiti changu.

Siku ya 31

Mtihani wa mwisho, kisha funguo. Kichwa cha bluu, kimetumika, kinanuka sigara za mtu aliyekitangulia. Mikanda 14, minyororo 12, vikazio 12, vikinga, maturubai manne, mipira ya ndoano mfuko mzima. Nilisaini kila kimoja. Mzee alinipa mkono, akanipa na mtaimbo wake wa zamani, uliofungwa gundi ya rangi nyekundu kwenye mshiko, akaondoka na mwanafunzi mwingine.

Siku ya 33. Kusini mwa Georgia

Mbao za msonobari, karibu na Valdosta, kwenda Knoxville kwa I-75. Foklifti ikapanga mafungu mpaka nikalazimika kuinua kichwa. Nikasokota mkanda wa kwanza. Nikapiga kelele kwa mazoea, nikarusha.

Ukaangukia ng'ambo. Kimya. Nilikuwa nasubiri kofi mbili kwenye bapa.

Nikazunguka, nikapachika ndoano, nikarudi, nikakaza. Nikarusha wa pili. Nikazunguka. Kwenye wa nne nikagundua ujinga wangu: rusha yote kwanza, kisha zunguka mara moja upachike yote. Utingo mwenye akili angeniambia hilo mapema. Turubai zilichukua saa moja na dakika arobaini, kwa ngazi, bila kutembea juu ya mzigo zaidi ya nilivyolazimika. Nyuma yangu lori lingine lilikuwa likisubiri nafasi na dereva wake alikuwa akitazama saa yake kila mara, ili nimwone. Nilimwona.

Mbele kidogo ya Tifton nikasimama kukagua. Mbao zimeshuka, kama zinavyoshuka siku zote, na mikanda mitano kati ya minane ilikuwa imelegea kiasi cha kuingiza kiganja. Chini ya turubai hulioni hilo. Unapapasa kwa mkono, umeinamisha kichwa ubavuni mwa tela, magari yakipita kasi nyuma yako. Nikauzamisha mtaimbo wa Mzee mpaka mwisho, nikavuta, nikaugonga mkanda. Ukalia. Nikasoma na kibandiko.

Siku ya 34. Knoxville

Kilichonichukua karibu saa tatu kukifunga, foklifti imekishusha kwa dakika ishirini na tano. Mpokeaji alinyanyua pembe ya fungu moja, akaona mbao kavu, akasaini bila kunitazama. Mvua ikaanza nikiwa na turubai la pili, likalowa, likawa na uzito wa bibi wa mtu, kwa maana ya Kivu. Mkongo mwenyewe alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Ohio: amepata koili yake ya kwanza, na hajala tangu jana.

Saa nane mchana dispacha naye akaandika. Mzigo kesho asubuhi, Alabama. Koili moja, pauni 44,000, tundu pembeni, turubai linahitajika.

Nikavaa glavu, nikafungua sanduku, nikaanza kuhesabu minyororo.